Kabla hujakaa kwenye konsoli ya taa, hakikisha haya

Umepewa taa za tamthilia ya kikundi chenu, iwe mtaa wa Mwanga au Ujiji hapa Kigoma? Usikimbilie kubonyeza konsoli, ile meza ya vitufe inayoongoza taa.

Anza na anwani, yaani namba ya chaneli ambayo kila taa inaanzia. Taa nyingi za jukwaani huongozwa kwa DMX512, utaratibu wa kutuma amri kwa waya kutoka konsoli hadi taa, uliotoka Marekani mwaka 1986. Mstari mmoja wa waya hubeba chaneli 512, yaani njia za amri, kila chaneli ikipokea thamani ya 0 hadi 255. Taa ya LED ya chaneli 4 (nyekundu, kijani, bluu, nyeupe) ikianzia anwani 1, inayofuata ianzie 5. Ukiianzishia 3, kila ukiita bluu ya kwanza, nyekundu ya pili nayo inawaka.

Waya wa maikrofoni si waya wa DMX, hata kama plagi zinaingiliana. Mwisho wa mstari weka kizuizi (rezista) cha omu 120.

Konsoli ikae kwenye UPS, betri inayoshika umeme ukikatika. Kazi yako ihifadhi kwenye flashi mbili, kila baada ya mazoezi.

Sasa kyuu. Kyuu ni hali ya jukwaa uliyoihifadhi kwa namba, pamoja na muda wake wa kuingia. Ukibonyeza kitufe cha GO, ya sasa inaondoka, inayofuata inaingia. Hapo kila mtu anaelewa. Wanachokosa kuelewa ni kwamba konsoli nyingi za tamthilia hurekodi mabadiliko tu. Taa uliyoiwasha kyuu ya 12 itabaki inawaka ya 13, ya 14, ya 20, mpaka kyuu nyingine iiamuru kuzima.

Mimi nililijua hili mbele ya watu. Hapa Kigoma, siku ya mazoezi ya mwisho, mwongozaji aliomba nyekundu kwenye tukio la nyumba kuungua. Nikaiongeza kyuu ya 12, nikahifadhi, nikaridhika. Sikuandika kokote. Kabla hatujafika tukio la tatu umeme ukakatika, kila mtu akaenda kwake.

Usiku wa onyesho, moto ulipendeza. Kisha ukaja msiba: bibi amelazwa, sanda nyeupe, wanawake wanalia. Nikabonyeza GO na sanda ikawa nyekundu kama imelowa damu. Ukumbi ukaguna. Nikaitafuta ile taa nisikumbuke ni namba ngapi, maana karatasi sikuwa nayo. Kwa hofu nikashusha feda kuu, ile inayopunguza taa zote kwa pamoja, na jukwaa zima likazama gizani huku binti aliyecheza mjukuu akiwa katikati ya maombolezo yake. Aliendelea kuomboleza gizani. Kazi yake ya wiki nyingi niliiharibu kwa kitufe kimoja, na bado inaniuma.

Kwa hiyo: kila ukiongeza taa, amua papo hapo inazimika kyuu ya ngapi, na uiamuru. Kwenye kila kyuu ya giza kati ya matukio, rekodi sifuri kwa taa zote, ili kosa la tukio moja lisivuke kwenda jingine. Karatasi ya namba za taa ibandike kando ya mkono wako. Na pitisha onyesho lote, kyuu ya kwanza hadi ya mwisho, hata kama waigizaji wameshaondoka.

Mengine unayajua: ngazi ishikwe na mtu, kila taa ifungwe waya wa usalama, taa za halojeni, zenye joto kali, zikae mbali na pazia. Chai na soda viwe sakafuni, siyo juu ya meza.