Bei ya juisi ya miwa kwa hesabu za kidato cha pili

Mdogo wangu anauza juisi ya miwa karibu na stendi, Mbagala. Miaka yote glasi ilikuwa 500, kwa sababu jirani naye anauza 500. Alikuwa anakamua glasi 120 kwa siku mpaka mabega yanamuuma, na mwezi ukiisha hana akiba. Iliniuma sana. Nikamwambia, bei tuitafute kwa hesabu.

Kwanza shika daftari. Wiki ya kwanza aliuza kwa 500, ya pili 600, ya tatu 700, kila jioni akiandika glasi zilizotoka. Wiki moja ilinyesha mfululizo, tukairudia. Siku ya mvua juisi ya baridi haina mnunuzi, utailaumu bei bure. Wastani wa siku ukawa 120, 110, 100. Yaani ukipandisha shilingi 100, glasi 10 zinapungua.

Sasa x iwe ni mara ngapi umeongeza 100. Bei ni 500 + 100x, glasi ni 120 − 10x. Zidisha, fungua mabano, upate mapato:

60,000 + 7,000x − 1,000x²

Grafu yake ni kilima, nasi tunatafuta kilele. Mimi hutafuta kwanza pale mapato yanapokuwa sifuri: x = 12 (bei 1,700, hanunui mtu) na x = −5 (unagawa bure). Kilele kiko katikati yake, 3.5. Bei 850, glasi 85, mapato 72,250 badala ya 60,000.

Chenji ya 50 inasumbua, basi pima 800 na 900. Zote zinaleta 72,000, ila kwa 900 anakamua glasi 80 badala ya 90.

Wengi huishia hapo, na mapato si faida. Miwa, ndimu, tangawizi, barafu na mafuta ya mashine vinakula 300 kila glasi. Toa hiyo kwenye bei:

(200 + 100x)(120 − 10x)

Sifuri zake ni 12 na −2, katikati ni 5. Bei 1,000, glasi 70, faida 49,000. Kwa 500 alikuwa anabaki na 24,000.

Ila 1,000 hatujawahi kuijaribu, na wateja hawajaapa kufuata mstari wetu. Kwa hiyo anapanda polepole. Wiki ya 900 imetoa wastani wa glasi 78. Jumatatu anabandika 1,000.