Somo: Kulisikiliza Kundi la Kwanza la Sarafina! na Kulilinganisha na Waliofuata

Wengi wetu tuliijua Sarafina!, mchezo wa nyimbo kuhusu wanafunzi wa Soweto, Afrika Kusini, wakati wa ubaguzi wa rangi, kwa njia ya filamu. Mimi niliiona kwa mara ya kwanza katika banda la video, tukiwa tumebanana kwenye mabenchi, na mkanda wenyewe ulikuwa umechoka kiasi kwamba mistari myeupe ilipita usoni mwa Leleti Khumalo, anayeigiza Sarafina, kila alipoinua kichwa. Kwa miaka mingi niliamini kwamba hiyo ndiyo Sarafina! yenyewe, na kwamba Whoopi Goldberg, mwigizaji wa Marekani, ndiye aliyeigiza mwalimu tangu mwanzo. Sivyo. Filamu ilitoka mwaka 1992, ilhali mchezo wa jukwaani ulikwisha kuzaliwa Juni 1987 katika Market Theatre ya Johannesburg, ukavuka kwenda Lincoln Center mjini New York mwaka huohuo, kisha kuanzia tarehe 28 Januari 1988 hadi 2 Julai 1989 ukaonyeshwa mara 597 katika ukumbi wa Cort, Broadway, eneo la kumbi kubwa za maigizo mjini humo. Somo hili ni la msikilizaji anayetaka kulijua lile kundi la kwanza kwa sifa zake lenyewe, na kulipima na waliolifuata bila kuishia kwenye ubishi wa nani ana sauti nzuri kuliko nani.

Utahitaji rekodi ya kundi la Broadway iliyotoka 1988, filamu ya 1992, filamu ya makala iitwayo Voices of Sarafina! ambayo nayo ni ya 1988, na daftari.

Hatua ya kwanza: sikiliza kabla ya kutazama

Iweke filamu kando. Sikiliza rekodi ya 1988 kutoka mwanzo hadi mwisho mara mbili, na mara ya kwanza usiandike chochote. Jambo litakalokujia mapema ni kwamba hapa hakuna nyota aliyesimama mbele na wasaidizi nyuma yake. Kiongozi hurusha mstari na waitikiaji huudaka kabla haujagusa chini, na mara nyingi ni vigumu kusema wimbo ni wa nani. Muziki wake ni mbaqanga, muziki wa vitongoji vya Waafrika katika miji ya Afrika Kusini, wenye gitaa la besi linalotembea mbele ya wimbo badala ya kujificha chini yake. Waliotunga ni Mbongeni Ngema, ambaye pia ndiye aliyeandika na kuongoza mchezo, pamoja na mpiga tarumbeta Hugh Masekela.

Mara ya pili, chagua wimbo mmoja, kwa mfano "Freedom Is Coming Tomorrow", na uifuate sauti ya nne peke yake, yaani wanaume wa chini kabisa, ukizipuuza nyingine zote. Waliowahi kuimba kwaya wataona zoezi hili ni jepesi, lakini wasiowahi wataona kama mtu aliyeambiwa atazame miguu ya wacheza ngoma tu. Sauti hiyo ndiyo inayobeba wimbo, na ndiyo itakayokuwa kipimo chako utakapoligeukia kundi lolote la baadaye.

Hatua ya pili: jua walikotoka

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu bila habari hizi ulinganisho wote huwa wa juujuu. Ngema hakuandika mchezo kwanza kisha akatafuta watu wa kuujaza. Aliwakusanya vijana, wengi wao wakitoka katika vitongoji vya pwani ya Natal, akawapeleka Johannesburg na kuwafundisha kuimba, kucheza na kuigiza huku mchezo ukiendelea kukua mikononi mwao. Leleti Khumalo alitoka KwaMashu, nje ya Durban, na alikuwa amepitia kikundi cha vijana cha Amajika kilicholelewa na mwimbaji Tu Nokwe. Nafasi ya Sarafina iliandikwa kwa ajili yake, na mchezo ulipofunguliwa alikuwa na umri wa miaka 17. Mwaka uliofuata akateuliwa kugombea Tuzo ya Tony, tuzo ya michezo ya Broadway, mojawapo ya teuzi tano zilizouendea mchezo huo.

Ndiyo maana mimi hulifananisha kundi la kwanza na mtu aliyevaa nguo iliyoshonwa na fundi aliyempima mabega na kiuno, na makundi ya baadaye nayafananisha na mvaaji wa mtumba. Simaanishi kuudharau mtumba, kwa kuwa sote tumevaa na tumependeza. Namaanisha kwamba nguo hiyo ilikatwa kwa mwili wa mtu mwingine, na kazi ya anayeirithi ni kujua mahali pa kupunguza, mahali pa kuachia, na mahali ambapo mshono wa kwanza haufai kuguswa. Unapolitazama kundi jipya, tafuta mishono hiyo: pale mwigizaji alipovaa kama alivyokuta hata kama panambana, na pale alipothubutu kukata upya.

Hatua ya tatu: mfuate mwalimu

Sasa itazame filamu iliyoongozwa na Darrell James Roodt. Khumalo yumo akiwa Sarafina yuleyule, na Dumisani Dlamini yumo tena akiwa Crocodile, hivyo kwa hao wawili unaweza kumlinganisha mtu na nafsi yake mwenyewe, jambo ambalo ni nadra. Mwalimu ndiye aliyebadilika. Jukwaani aliitwa Mistress It's a Pity na aliigizwa na Baby Cele; katika filamu anaitwa Mary Masembuko na ameigizwa na Whoopi Goldberg.

Badiliko hilo si la jina na sura pekee. Katika filamu mwalimu anakamatwa, na habari za kifo chake mikononi mwa polisi ndizo zinazoigeuza hadithi. Uzito unahamia kwa mtu mzima, na wanafunzi wanakuwa watu waliopokonywa mlezi wao. Jukwaani uzito ulibaki kwa wanafunzi wenyewe, ambao ndio wasimuliaji, ndio waimbaji, na ndio wanaoandaa tamasha la shule linaloufunga mchezo. Kwa maoni yangu Goldberg anaigiza vizuri sana pale anapokuwa kimya, akilitazama darasa lake kama mama anayehesabu watoto kabla ya kufunga mlango. Lakini ndani ya nyimbo anaonekana mgeni aliyekaribishwa sebuleni. Baby Cele, ukimsikiliza katika "Yes! Mistress It's a Pity", ni mwenyeji: sauti yake na za wanafunzi zimetoka katika jiko moja. (Wanaofuatilia tamthilia ya televisheni ya Uzalo watafurahi kujua kwamba yeye na Khumalo walikutana tena humo miaka mingi baadaye.)

Hatua ya nne: andika tarehe kando ya kila toleo

Chora mstari katikati ya ukurasa. Upande mmoja andika mwaka wa onyesho, upande wa pili andika Nelson Mandela alikuwa wapi mwaka huo. Mchezo ulipofunguliwa mwaka 1987, Afrika Kusini ilikuwa chini ya hali ya hatari na Mandela alikuwa gerezani Pollsmoor. Hadithi imewekwa katika shule ya Morris Isaacson huko Soweto, mojawapo ya shule ambazo wanafunzi wake waliandamana tarehe 16 Juni 1976 kukataa kufundishwa kwa Kiafrikana, na inafikia kilele Sarafina anapojitokeza amevaa kama Mandela aliyeachiwa huru. Mtazamaji wa mwaka 1988 alikuwa anaona jambo ambalo halijatokea na ambalo hakuwa na hakika kwamba angelishuhudia. Kuimba "Bring Back Nelson Mandela" usiku huo kulikuwa ni kudai deni kwa mdaiwa aliye hai.

Filamu ilipotoka mwaka 1992, mzee alikuwa ametoka tangu tarehe 11 Februari 1990. Kundi linalouimba wimbo huo leo linamwimba mtu ambaye amekwisha kuzikwa. Maneno hayakubadilika, ila kazi ya wimbo imebadilika kabisa, na ukisikia kundi jipya linaimba kwa majonzi mahali ambapo wale wa kwanza waliimba kwa hasira, usikimbilie kusema wamekosea.

Hatua ya tano: tumia sikio lako la Kibantu

Sisi wasemaji wa Kiswahili tuna nafasi ambayo mtazamaji wa New York hakuwa nayo. Chukua wimbo "Afunani Amaphoyisa eSoweto". Mwanzoni utaona Kizulu kitupu, lakini ukilipasua neno la kwanza utakuta -funa, yaani kutaka, na -ni ambayo ni ndugu wa nini yetu: wanataka nini? Amaphoyisa ni polisi waliovikwa ama-, ndugu ya ma- ya kwetu. Na neno jingine la Kizulu, isizwe, yaani taifa, limo katika ngeli inayolingana na ki-/vi-. Ukisharudia mara mbili tatu, swali lile la polisi wanataka nini Soweto halihitaji tena mkalimani. Kisha sikiliza waigizaji ambao hawakukua wakisema Kizulu wanavyoyatamka maneno hayohayo. Mara nyingi wanatamka kila silabi kwa usafi mkubwa, na usafi huo ndio unaowafichua.

Hatua ya sita: miguu

Hii ni fupi. Jukwaani uchezaji ulipangwa na Ngema na Ndaba Mhlongo; katika filamu aliongezwa Michael Peters, Mmarekani aliyezoea kupanga miondoko kwa ajili ya kamera. Jukwaani mstari mzima wa wanafunzi huonekana muda wote, lakini kamera hukuchagulia wa kumtazama. Baada ya kuliona hilo, utalikuta kila mahali.

Maswali ya washiriki

Mwalimu, shikamoo. Je, unataka kusema filamu ni mbaya?

Marahaba. Hapana. Bila filamu wengi wetu tusingelijua jina la Sarafina kabisa, na kumwona mwimbaji Miriam Makeba akiigiza mama wa Sarafina ni zawadi ambayo rekodi ya 1988 haina. Ninachokataa ni kuiita filamu "ya asili". Ni toleo la pili lililobahatika kufika mbali kuliko la kwanza.

Kama kundi la Broadway halikurekodiwa kwenye video nzima tunayoweza kununua dukani, tutajuaje walivyokuwa wakicheza?

Tazama Voices of Sarafina!, iliyoongozwa na Nigel Noble. Ina vipande vya onyesho lenyewe, na pia ina mazungumzo na wale vijana nje ya jukwaa, wakiwa na nguo zao za kawaida, wakieleza maisha waliyoyaacha nyumbani. Kuna mahali wanakutana na Makeba, ambaye wakati huo alikuwa bado uhamishoni. Nyuso zao mbele yake zitakueleza mengi kuhusu nyimbo zao kuliko maelezo yangu.

Mimi ni mlezi wa klabu ya maigizo katika shule ya sekondari. Msichana wetu anayeigiza Sarafina amemkariri Khumalo hadi namna ya kuinua kidevu. Nimwache?

Mwache kwa wiki ya kwanza, kwa sababu kuiga ni njia halali ya kujifunza. Wiki ya pili mwondolee filamu, umwambie asimulie tukio moja la paredi ya shuleni kwenu kwa sauti yake ya kawaida, kisha aingie kwenye wimbo bila kupumzika. Kidevu kitashuka chenyewe. Mtoto wa kwetu anaijua sare, anaijua paredi, anamjua mwalimu wa zamu. Hana haja ya kuviazima kutoka KwaMashu. Waigizaji wa Kenya walipouleta mchezo huu katika Kenya National Theatre, Nairobi, mwaka 2018, walikuwa na akiba hiyohiyo. Jambo moja la utaratibu: kabla ya kuuza tiketi, hakikisheni mmepata idhini ya wenye haki za mchezo.

"Nkosi Sikelel' iAfrika" imo katika mchezo wa jukwaani. Kwa nini mimi Mtanzania nikiisikia nataka kusimama wima?

Kwa sababu ni muziki uleule wa "Mungu Ibariki Afrika", uliotungwa na Enoch Sontonga mwaka 1897. Ila fikiria tofauti iliyopo: wewe uliufunzwa shuleni kama wimbo wa serikali, ilhali kundi la kwanza liliuimba wakati ambapo nchini kwao ulikuwa wimbo wa harakati. Unaposikiliza, jitahidi kuketi.

Ni sauti ipi iliyo bora, ya Khumalo wa 1988 au wa 1992?

Ya 1988 kwa ujasiri. Ya 1992 kwa utulivu.

Mimi ni mwenyeji wa Morogoro. Babu yangu alifanya kazi Mazimbu pamoja na vijana wa Afrika Kusini. Je, kuna uhusiano wowote na mchezo huu?

Upo, ingawa si wa moja kwa moja. Baada ya 1976 vijana wengi waliikimbia nchi yao, na mwaka 1978 ANC, chama kilichopigania ukombozi wa Afrika Kusini, kilianzisha shule huko Mazimbu, katika ardhi iliyotolewa na serikali ya Tanzania, ambayo baadaye ilipewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa mwaka 1979. Kwa maneno mengine, babu yako aliishi na wenzao wakubwa wa wale wanaoigizwa jukwaani, waliochagua kuondoka. Shule ilikabidhiwa kwa Tanzania mwaka 1992, mwaka uleule filamu ilipotoka, na sasa ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Sokoine. Kama mzee bado yupo, mwekee rekodi ya 1988 bila kumweleza ni nini, kisha utuandikie ni wimbo gani aliouitikia kabla hujamwuliza.