Altaneta haichaji? Pima kwanza kabla hujanunua nyingine

Wakulima wenzangu wenye Massey Ferguson za zamani, na nyie wa Hilux za dizeli, betri ikilala jamani msikimbilie dukani. Mimi nilishanunua altaneta (ile mashine inayozungushwa na mkanda wa injini kuchaji betri) ya mtumba nikafunga, taa ya chaji ikabaki inawaka vilevile, kumbe shida ni waya wa ethi, ule unaounganisha betri na bodi, umefungwa juu ya rangi na kutu, ukiugusa unamwaga unga wa kijani. Nikapiga msasa mpaka chuma kikang'aa, nikarudisha ile ya zamani, ikachaji.

Anza na mkanda wa feni, ubonyeze katikati kwa dole gumba, ukiingia kama sentimita 1 hivi uko poa, ukizama sana unateleza, ukikazwa kupita kiasi unaua beringi. Halafu chukua mita ya kupimia umeme weka volti za DC, pima betri injini imezimwa, iliyojaa inasoma kama 12.6. Washa, ongeza resi kidogo, pima tena, ikisoma 13.8 mpaka 14.4 altaneta inachaji, mshuku betri. Ikibaki 12 na kitu, hamisha waya mwekundu wa mita kwenye nati kubwa nyuma ya altaneta, ukikuta 14 pale na 12 kwenye betri basi umeme unapotelea njiani, hapo ni waya au vichwa vya betri. Ikipita 15 regyuleta (kidhibiti cha volti) imekufa, itachemsha betri.

Na ile taa ya dashibodi, ukifungua swichi kabla ya kuwasha lazima iwake. Isipowaka cheki balbu, maana kwenye nyingi za zamani umeme wa kuiamsha altaneta unapita humohumo kwenye balbu, ikiungua tu hupati chaji.

Betri inaisha usiku gari limelala? Asubuhi kabla hujawasha shika altaneta, ikiwa na joto wakati injini ni ya baridi basi daiodi, vile vipande ndani yake vinavyozuia umeme kurudi nyuma, zinavujisha.

Ukijiridhisha ni mbovu kweli, toa waya wa negativu wa betri kwanza, piga picha waya zote kwa simu, legeza bolti ya kukazia mkanda, ishushe. Linganisha na mpya matundu ya bolti na puli, puli isipokaa mstari mmoja na zingine mkanda utaliwa. Trekta za zamani za Uingereza nyingine zina dainamo (mashine ya kuchaji ya kizamani) na ethi yake ni positivu, yaani positivu ya betri ndiyo imefungwa kwenye bodi, sasa ukifunga altaneta ya kawaida bila kugeuza mfumo daiodi zinaungua papo hapo. Tena usichomoe betri injini inanguruma eti kujaribu kama inachaji, hiyo mbinu imeua altaneta nyingi nzima.

Wa Hilux za dizeli, nyingi zina pampu ya vakyumu (ya kunyonya hewa) mgongoni mwa altaneta na ndiyo inasaidia breki. Hakikisha mpya inayo, rudisha mipira ya oili na ya vakyumu, washa, kanyaga breki mara kadhaa ukiwa hapohapo uani, pedali ikiwa ngumu kama jiwe usitoke getini.