Kabla hujabadili ratiba ya matengenezo jukwaani

Pampu za zimamoto za jukwaa la mafuta la Piper Alpha, katika Bahari ya Kaskazini, ziliundwa zijiwashe zenyewe moto ukitokea. Lakini kulikuwa na mazoea: wapiga mbizi wakiwa majini, pampu za dizeli zinawekwa ziwashwe kwa mkono, mtu asije akavutwa kwenye mdomo wa kunyonya maji. Nia njema kabisa. Ukaguzi wa 1983 ulishauri hilo lifanyike pale tu wapiga mbizi wanapokuwa karibu na midomo hiyo, ushauri haukufuatwa. Usiku wa Julai 6, 1988, gesi ilipolipuka, hazikujiwasha. Watu wawili walivaa vifaa vya kupumulia wakaenda kujaribu kuziwasha, hawakuonekana tena. Waliokufa kwa jumla ni 167.

Ndiyo maana la kuulizwa kabla ya yote ni ratiba ya zamani ilikuwa inalinda nini. Muda wa ukaguzi una mwenyewe: sheria, mtengenezaji wa kifaa, au fundi fulani aliyewahi kukuta kutu mahali. Kwa vyombo vilivyo chini ya SOLAS, mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, boti za uokoaji hukaguliwa kila wiki na chelezo zinazojaa upepo hupelekwa kuhudumiwa kila miezi 12. Hapo msimamizi wa jukwaa hana cha kujadili. Ule wa fundi ndio wa kuogopwa zaidi, kwa sababu sababu yake mara nyingi haikuandikwa popote. Mtafute, hata kama amestaafu, umuulize.

Kisha, kifaa kikiwa nje ya kazi, nini kinashika nafasi yake? Kitambua gesi kikitolewa kwa marekebisho, taja nani atazunguka na kipimo cha mkononi, na kila baada ya muda gani. Kama hakuna jibu, kazi isianze, au mitambo ya eneo hilo isimame. Najua uzalishaji ukisimama simu kutoka nchi kavu hazikomi. Acha ziite.

Neno “kwa muda” lisikubalike bila tarehe ya mwisho na jina la atakayerudisha hali ya awali. Kwenye Deepwater Horizon, mtambo wa kuchimba uliolipuka Ghuba ya Meksiko Aprili 20, 2010 na kuua watu 11, king'ora kikuu kilikuwa kimezuiwa kisijilie chenyewe. Fundi mmoja aliwaeleza wachunguzi sababu: hawakutaka watu waamshwe saa tisa usiku kwa kengele za uongo. Ukiona kifaa kinazimwa kwa kuwa kinasumbua, tengeneza kinachokifanya kisumbue.

Vipuri, vyeti vya mafundi na hali ya bahari vinajulikana; vihakikishwe, tuendelee.

Makabidhiano ndiyo yanayohitaji muda. Piper Alpha mchana ule, valvu ya usalama ya pampu moja ya gesi-kimiminika ilikuwa imeondolewa, tundu likazibwa kwa bamba. Kibali cha kazi hiyo kilikuwa karatasi mbali na kile cha matengenezo ya pampu yenyewe, na zamu ya usiku haikujua habari za valvu. Pampu ya pili ilipozima, wakawasha ile ya kwanza, gesi ikavuja penye bamba na kulipuka. Basi vibali vya kifaa kimoja vikae pamoja, na bango lining'inie kwenye swichi, mahali mkono wa mwenye haraka utakapofika.

Tena jukwaani si wote mliopo. Kundi jingine liko nyumbani mapumzikoni, nao wakishuka kwenye helikopta watafanya kazi kama walivyoiacha, kwa kuwa hawana habari nyingine. Baruapepe pekee haiwatoshi. Siku yao ya kwanza watembezwe hadi kwenye kifaa, waonyeshwe kilichobadilika, halafu mmoja wao aeleze kwa maneno yake atafanya nini king'ora kikilia. Mwenye kuuliza asiwe aliyepanga mabadiliko. Huyo atasikia anachotaka kusikia. Na zoezi hilo lirudiwe na zamu ya usiku, usiku, taa zikiwa zimepunguzwa.