Funga kitabu kabla ya kurudia somo

Mwanafunzi anayejiandaa kwa mtihani wa wiki ijayo afunge kitabu, aandike yote anayoyakumbuka, kisha akifungue na kujisahihisha, badala ya kusoma upya maelezo yale yale. Mwaka 2006, wanasaikolojia Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walionyesha kwamba waliosoma matini mara mbili waliwazidi kidogo waliosoma mara moja na kujipima, walipoulizwa baada ya dakika 5. Baada ya wiki moja, hata hivyo, waliojipima walikumbuka takriban asilimia 56 na wenzao asilimia 42. Hapo ndipo wengi hudanganyika, kwani kurudia kusoma huleta wepesi unaofanana mno na kuelewa. Mwalimu naye anaweza kuanza kipindi kwa maswali mawili matatu ya wiki iliyopita, ikiwezekana bila alama.