Potensheli za themodinamiki: zitoe mwenyewe, usizikariri

Wengi hukariri milinganyo minne ya potensheli (nishati ya ndani U, enthalpi H, na nishati huru F na G), kisha wakipewa swali hawajui waanzie wapi. Shika mmoja tu. Mingine utaitoa kwenye karatasi.

Hatua ya 1. Anza na nishati ya ndani. Kwa kitu ambacho idadi ya chembe zake haibadiliki:

dU = T dS − P dV

T ni halijoto, P ni shinikizo, na d ni badiliko dogo. Tazama herufi zinazofuata d upande wa kulia: S (entropi, kipimo cha jinsi nishati ilivyotawanyika) na V (ujazo). Hivyo ndivyo vigeu asilia vya U, na mimi huviandika kwenye mabano kila mara: U(S,V). T ni kiasi ambacho U hubadilika kwa kila badiliko dogo la S, V ikiwa imetulia. Vivyo hivyo −P kwa upande wa V.

Hatua ya 2. Jiulize jaribio lako limeshikilia nini. Entropi haina kifaa cha kuisoma moja kwa moja. Halijoto ina kipimajoto. Basi tunataka S itoke, T iingie.

Hapa ndipo watu huteleza: huandika U kwa T na V, wakadhani kazi imekwisha. Si kosa la hesabu, ila kuna habari inayopotea. Chukua gesi bora ya atomu mojamoja: U = (3/2)NkT (N ni idadi ya chembe, k ni namba thabiti ya Boltzmann). Sasa tafuta shinikizo humo. Hulipati, maana V haimo kabisa! Ungekuwa na U(S,V), ungepata kila kitu: halijoto, shinikizo, hata joto mahususi.

Hatua ya 3. Toa zao la jozi, yaani kigeu mara kile kinachozidisha d yake kwenye dU. Jozi ya S ni T, basi andika F = U − TS. Ukinyambua, T dS inajifuta:

dF = −S dT − P dV

Hii ni nishati huru ya Helmholtz, F(T,V). Kwa gesi ileile, F = −NkT ln V + sehemu inayotegemea T na N tu. Nyambua kwa V, badili alama, upate P = NkT/V. Sheria ya gesi hiyo hapo. Wanahisabati huiita mbinu hii badiliko la Legendre.

Hatua ya 4. Rudia kwa V. Jozi yake ni −P, kwa hiyo safari hii unajumlisha PV. H = U + PV ni enthalpi, H(S,P). Ukifanya yote mawili unapata G = U − TS + PV, nishati huru ya Gibbs:

dG = −S dT + V dP

Hatua ya 5. Itumie. Halijoto na shinikizo vikishikiliwa, mabadiliko ya hiari huelekea G ndogo. Kuyeyusha moli 1 ya barafu kwenye shinikizo la angahewa kunahitaji ΔH ya 6010 J, na ΔS ni 22.0 J/K. Kwa ΔG = ΔH − TΔS, nyuzi −10 °C zinatoa takriban +220 J: barafu inabaki. Nyuzi +10 °C zinatoa takriban −220 J: inayeyuka. Kwenye 0 °C ni sifuri. (Nimechukulia ΔH na ΔS hazibadiliki, kwa nyuzi kumi hivi inatosha.)

Hatua ya 6. Vuna uhusiano wa Maxwell. Nyambua G mara mbili, kwa T na kwa P, mpangilio haujalishi. Matokeo:

(∂S/∂P)_T = −(∂V/∂T)_P

(Herufi ya chini ya mabano huonyesha kinachoshikiliwa.) Upande wa kulia unapimika kwa kupasha kitu moto na kutazama kinavyotanuka. Maji yaliyo kati ya 0 °C na 4 °C husinyaa yakipashwa moto, kwa hiyo ukiyakandamiza bila kubadili halijoto, entropi yake hupanda, kinyume na vimiminika vingi.