Sikiliza EUSA huku umefungua ramani
Kama unapenda piano tulivu ya kutuliza akili, tafuta EUSA, albamu ya Yann Tiersen, Mfaransa mzaliwa wa Brest, iliyotoka 2016. Ila usiiache ipige tu huku unaosha vyombo, utaikosa! Fungua ramani ya Ouessant, kisiwa kilicho magharibi kabisa mwa Ufaransa, kwani vipande vingi vya albamu hii vina majina ya sehemu za huko. Anza na Porz Goret. Vaa hedifoni, sauti iwe ya chini, kisha fuatilia mkono wa kushoto kwanza: unazunguka palepale kama mawimbi. Ukishauzoea, rudia kipande hichohicho ukisikiliza wa kulia. Hata zile sauti za mazingira unazosikia nyuma ya piano zilirekodiwa kisiwani.